Kasi Isiyotetereka

Kukimbiza prosesa kupita kasi iliyopangiwa kiwandani ni kazi ya dakika tano. Unawasha kompyuta huku unabonyeza Delete, unaingia kwenye BIOS, unatafuta kizidishi, yaani namba inayozidisha mapigo ya mazabodi, unafuta 33 na kuandika 45, unahifadhi, basi. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Kwa hiyo picha ya skrini yenye gigahezi za kutisha hainibabaishi. Ninayemvulia kofia ni fundi ambaye mashine yake, miezi mingi baada ya mabadiliko hayo, bado inatoa jibu lile lile kwa hesabu ile ile, usiku na mchana, feni zikiwa na vumbi na umeme ukiwa umekatika na kurudi mara kadhaa.

Tuchukue Core i5-2500K, prosesa ambayo Intel waliitoa Januari 2011 na ambayo ilifundisha kizazi kizima kazi hii. Kiwandani ilipangiwa mapigo bilioni 3.3 kwa sekunde, yaani gigahezi 3.3. Kati ya pigo na pigo pana takriban theluthi moja ya nanosekunde, na ndani ya muda huo umeme unapaswa kupita katika msururu wa transista, kila moja ifunge au ifungue, na jibu litulie kabla pigo linalofuata halijalichukua. Ukiifikisha gigahezi 4.5, muda unapungua hadi nanosekunde 0.22. Katika kitambo hicho mwanga wenyewe hausafiri hata sentimita saba. Jibu likichelewa, hatua inayofuata inabeba tarakimu iliyoikuta, iwe sahihi au la, na kazi inaendelea. Prosesa haina habari kwamba imekosea.

Dawa ya ucheleweshaji ni volteji. Transista ikipewa volti zaidi hubadilika upesi zaidi. Lakini joto halipandi kwa uwiano ule ule wa kasi: hufuata kasi ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Chukua prosesa ya volti 1.2 kwa gigahezi 3.3, uipe volti 1.35 ili ifike 4.5. Kasi imeongezeka kwa asilimia 36, na umeme unaoliwa, ambao wote huishia kuwa joto, umeongezeka kwa asilimia 73 hivi. Joto hilo nalo huongeza uvujaji wa umeme ndani ya silikoni, nao uvujaji huzaa joto jingine. Na volteji ikizidi kwa muda mrefu, mkondo wa elektroni husukuma atomi za nyaya ndogo za ndani, kidogokidogo, hadi prosesa iliyokuwa imara mwaka jana inaanza kuanguka mwaka huu kwa mipangilio ile ile.

Hapo ndipo kunakili mipangilio ya mtu mwingine kunapomwangusha anayeanza. Prosesa mbili zilizokatwa kwenye sahani moja ya silikoni hazilingani: moja itakubali 4.5 kwa volti 1.28, ndugu yake atadai 1.38. Halafu kuna hewa. Kipoozaji cha feni hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba ilimo. Vipimo vinavyosifiwa Ulaya mara nyingi vimechukuliwa katika chumba cha nyuzi 20. Februari, Dar es Salaam, chumba kisicho na kiyoyozi hufika 32. Kila kipimo ulichokisoma kiongezee nyuzi kumi na mbili, kisha uanze kufikiri upya. Na tusidanganyane: kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini ughaibuni zimefungwa kizidishi, wala mazabodi zake hazina menyu ya kugusa volteji. Hizo zitumie zilivyo.

Wazee wa kazi hii bado wanaitaja Celeron 300A ya mwaka 1998 kwa sauti ya mapenzi. Iliuzwa kwa bei ya kuanzia ya dola 149, ikipangiwa megahezi 300. Kizidishi chake kilikuwa kimefungwa kwenye 4.5, kwa hiyo njia pekee ilikuwa kuongeza mapigo ya mazabodi kutoka megahezi 66 hadi 100. Nne na nusu mara mia: megahezi 450, kasi ya Pentium II iliyogharimu zaidi ya mara nne. Baadhi ya watu walibandika kipande cha utepe juu ya mguso mmoja wa shaba, ule ulioitwa B21, ili mazabodi idhani imewekewa prosesa ya megahezi 100.

Kinachosimuliwa kidogo ni kwa nini 100 ilitulia kuliko 83. Mapigo ya mazabodi hayakuwa ya prosesa peke yake. Kadi za PCI na diski zilipata mgawo kutoka kwayo, nazo zilitengenezwa kwa megahezi 33. Ukiweka 83, mgawo ulikuwa nusu, yaani 41.5, na diski zikaanza kuandika takataka. Ukiweka 100, mazabodi iligawa kwa tatu, na kila kifaa kikarudi kwenye 33 yake. Ajabu ni kwamba namba kubwa ndiyo iliyokuwa salama. Aliyekimbilia 83 kwa kuogopa 100 alipoteza mafaili yake kwa sababu ya tahadhari. Sijui mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba katika ufundi huu kujua kunashinda woga na kunashinda ujasiri pia.

Sasa mashine imewaka, Windows imefunguka, muziki unalia. Je, iko imara? Swali hilo ndilo lililoipa kazi hii hakimu wake mkali, naye hakutokea kwa wapenda kasi. Mwaka 1996 Mmarekani George Woltman alianzisha mradi wa GIMPS, ambamo watu wa kawaida hutoa kompyuta zao zitafute namba tasa za Mersenne. Programu yao ni Prime95. Hesabu ya namba moja inaweza kuchukua majuma, na kosa la biti moja siku ya pili huharibu kila kinachofuata. Kwa hiyo programu ilibidi ijilinde. Huzidisha namba kubwa mno kwa njia ya desimali, na mwishoni kila kipande lazima kikaribie namba kamili. Kikibaki na sehemu ya 0.5, yaani katikati kabisa ya namba mbili, programu husimama na kutangaza kosa. Tena kwa miaka mingi matokeo ya mashine moja hayakuaminiwa hadi yakaguliwe kwa hesabu ya pili. Kutoka katika hofu hiyo ya wanahisabati likazaliwa jaribio la mateso: prosesa hupewa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tangu zamani, kisha huulizwa tena na tena hadi ikosee au wewe uchoke.

Napenda sana jambo hili. Michezo ya video husamehe. Rangi ya jani moja ikikosewa katika fremu moja, nani ataona? Namba tasa haisamehi. Fundi anayelala huku Prime95 inaendelea anakubali kuhukumiwa na kitu kisichojua jina lake wala fahari yake.

Hata hivyo, mtihani wa usiku kucha hautoshi, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mashine hupita mateso yote kisha huganda mwenye mashine akiwa anasoma barua pepe. Sababu ipo. Kazi nzito inapoachwa ghafla volteji hurukaruka, na prosesa ikipumzika hushuka hadi volti za chini ambazo hukuzijaribu kamwe. Kwa hiyo fundi mzuri huipima mashine ikiwa imelemewa, ikiwa imepumzika, na inapovuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Pia hufungua kumbukumbu za matukio za Windows na kutafuta neno WHEA: mle mna makosa ambayo prosesa iliyagundua na kuyasahihisha yenyewe bila kumsumbua mtu. Skrini haikuwa ya bluu, hakuna kilichoanguka, na bado maandishi yale yanasema umefika ukingoni. Mwenye akili anarudi hatua mbili nyuma, anaachia megahezi 100 ziende, na hazimuumi.

Wapo wanaomwaga naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, juu ya prosesa ili kufukuza rekodi. Gigahezi 9 zilivukwa mwishoni mwa 2022, kwa heli kimiminika iliyo baridi zaidi. Nawatazama kwa furaha. Lakini rekodi hiyo huhitaji kuishi sekunde chache tu, na mimi ninasifu kitu kingine.

Viwanda navyo vimejifunza. Tangu Intel walipoleta Turbo Boost mwaka 2008, prosesa hujiongezea kasi zenyewe, na Core i9-14900KS ya 2024 hufika gigahezi 6.2 bila mkono wa mtu. Nafasi aliyoachiwa fundi imekuwa nyembamba. Viwanda vyenyewe hukosea: mwaka huo huo wa 2024 Intel walikiri kwamba prosesa kadhaa za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volteji iliyozidi, zikachakaa na kuanza kuangusha programu. Wakatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili.

Ndiyo sababu siku hizi mafundi ninaowaheshimu wanafanya kinyume: wanaacha kasi ilipo na kupunguza volteji, kiini kimoja baada ya kingine, hadi pale kosa la kwanza linapojitokeza, kisha wanarudi nyuma kidogo. Mpaka ni ule ule, wanaukaribia kwa mlango mwingine, na mitihani ni ile ile. Feni zinanyamaza, bili ya umeme inapungua, na mara nyingi prosesa isiyopata moto huongeza kasi yenyewe. Ukiwa na mashine inayoruhusu na chumba chenye joto kama vyetu vya pwani, anzia hapo. Andika kila namba unayobadilisha, badilisha moja kwa wakati, na mafaili ya ofisi yahifadhi kwingine kwanza.