Heko, Donovan Maule

Sisi wa Uthiru tukitaka mchezo wa jukwaani, hupanda matatu kwenye Waiyaki Way hadi mjini Nairobi. Huko ndiko Donovan Maule, mwigizaji Mwingereza, na mkewe Mollie walikoanzisha jumba lao la maonyesho mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwigizaji akiwa pia meneja, kama Maule, hana usingizi: anafuta vipodozi usoni, kisha anakaa kuhesabu vipande vya tiketi, maana vikipungua mishahara ya wenzake imeota mbawa. Watazamaji wao walikuwa hasa walowezi, hilo silifichi. Lakini kazi waliiheshimu. Binti yao Annabel, mwigizaji vilevile, aliandika kitabu kuhusu jumba hilo. Kitafuteni mkisome.