Kinyago cha Muuaji: Lafudhi na Hofu katika Relapse ya Eminem

Mhakiki anayeisikiliza Relapse, albamu aliyoitoa Eminem mwezi wa Mei 2009, hukabiliwa mara moja na swali la nafsineni: ni nani hasa anenaye? Msanii huyu wa rapu kutoka Detroit hakuwa ametoa albamu mpya tangu Encore ya mwaka 2004. Katika kipindi hicho alifiwa na rafikiye Proof, aliyeuawa kwa risasi Aprili 2006. Naye mwenyewe akanusurika kifo Desemba 2007 baada ya kuzidisha methadoni. Aliporejea, alimtanguliza muuaji jukwaani.

Wako walioyaona haya kuwa mzaha wa kuchukiza tu. Hata hivyo, yafaa tuutazame wimbo "3 a.m." kwa makini. Msemaji wake huzinduka katikati ya maiti, asikumbuke alilolitenda. Usahaulifu huo ndio ufunguo wa kazi nzima, kwani mraibu wa vidonge naye huzinduka asijue usiku ulipitaje wala ni nani aliyeumia. Jalada la albamu, ambalo ni sura ya msanii iliyoundwa kwa vidonge, ladokeza jambo hilo hilo.

Kwa upande wa fani, lililo geni ni lafudhi. Eminem huzipinda irabu hata maneno yasiyolingana katika Kiingereza cha kawaida yakapata vina. Msomaji wa ushairi wetu atakumbuka tabdila, uhuru ambao mshairi hupewa ili atimize urari. Lakini uhuru huo una mpaka: kina hutumikia maana. Katika Relapse, mara nyingi mambo hugeuka, na mtu huuawa kwa kuwa kina kimedai auawe. Katika "Same Song & Dance" wanawake huangamizwa mmoja baada ya mwingine, nao hawana sauti ya kusikika. Hapo istiari ya uraibu hukatika, ukabaki ukatili mtupu. Kujitetea kwamba huo ni mchezo wa sanaa hakutoshi.

Tulinganishe na "Déjà Vu", ambamo lafudhi hupungua na msanii husimulia uraibu wake na jinsi alivyoponea chupuchupu. Humo hamna kisu wala mawindo, lakini hofu huzidi, kwa sababu anayehatarishwa ana jina, ana nyumba, na ana watoto wanaomtazama.

Relapse ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rapu mwaka 2010. Mwaka huo huo, katika Recovery, Eminem mwenyewe alikiri kwamba alizitumia lafudhi hizo kupita kiasi. Ungamo hilo ni la haki, ila halijakamilika. Lafudhi ilimfaa pale ilipoficha uso wa mtu aliyeogopa kujitazama. Ilimponza pale alipoendelea kuivaa hali uso huo ulikwisha kuonekana.