Kabla ya Cheche

Milima inayoizunguka Maskati ni miamba mitupu, myeusi na ya rangi ya kutu, iliyokuwa sakafu ya bahari kabla ya kusukumwa juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita. Barabara zinazounganisha Matrah, Ruwi na Wadi Kabir zimepasuliwa humo kwa nguvu, na nguvu hiyo siku hizi ni ya eskaveta iliyofungwa nyundo ya haidroliki, inayogonga jiwe mamia ya mara kwa dakika. Jiwe hupasuka, lakini mtikisiko haupotei. Hurudi kwenye mkono wa mashine, ukapita kwenye fremu, ukafika kwenye tangi la oili lililofungwa kwa bolti. Miaka ikienda, kona ya kishikizo au mshono wa zamani hufanya ufa mwembamba kuliko unywele. Kamba hukatikia pabovu. Oili huanza kutoka kama jasho, vumbi linanata, na asubuhi moja dereva anakuta doa chini ya mashine.

Nataka kumsifu fundi anayeitwa kulitengeneza tangi hilo, na hasa kwa mambo anayoyafanya kabla hajawasha mashine ya kuchomelea. Watu humtazama pale cheche zinaporuka, kwa kuwa ndipo penye cha kutazama. Mimi naona kazi yake imeshakuwa nzuri au mbaya saa nyingi kabla ya hapo.

Hatari yenyewe ina hila. Oili ya haidroliki haina ukali wa petroli. Tupa kiberiti kinachowaka ndani ya ndoo ya oili hiyo, kitazimika, maana lazima ipashwe moto kupita nyuzi 200 za selsiasi ndipo mvuke wake ushike. Kwa hiyo mtu hudhani hakuna neno: tangi limemwagwa, limekaa wazi siku mbili, choma tu. Lakini moto wa kuchomelea ukigusa bati, upande wa pili wa bati nao huiva, na utando wa oili ulioshika ukutani hugeuka mvuke na ukungu ndani ya chumba kilichofungwa. Inahitajika oili kiasi gani ili hewa ya tangi la lita 200 iweze kulipuka? Takriban gramu 10, yaani vijiko viwili au vitatu vya chai. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kuta za tangi linaloitwa tupu hubaki na zaidi ya hapo.

Tarehe 17 Julai 1969, mashariki mwa London, kwenye uwanja wa matangi wa Dudgeons Wharf, yalikuwa yanavunjwa matangi ya zamani. Tangi moja lilikuwa limebakiwa na ukoko tu kutani. Wazima moto walikuwa juu yake wakati mfanyakazi alipoanza kukata kwa moto wa gesi nati za kifuniko cha chini. Tangi lililipuka. Wazima moto watano walikufa, na mfanyakazi mmoja pamoja nao. Nikisikia mtu anasema tangi halina kitu, nakumbuka ukoko ule.

Rudi sasa Maskati, mtaa wa Ghala au Wadi Kabir, kwenye mitaa ya gereji na karakana, ambako Mhindi, Mpakistani na Mbangladeshi wanafanya kazi pamoja na Mwomani ambaye pengine wazee wake walirejea kutoka Unguja au Bara baada ya mwaka 1970, na nyumbani kwao Kiswahili bado kinazungumzwa. Fundi mzuri hapo haanzi na tangi, anaanza na mashine nzima. Ndoo au nyundo ya eskaveta inateremshwa mpaka ilale chini. Injini inazimwa, kisha mikono ya kuendeshea inasogezwa huku na huku ili shinikizo lililojificha kwenye mabomba litoke. Mashine ikiwa kazini, oili hupita humo kwa shinikizo la baa 350 hivi, na tundu dogo la bomba linaweza kurusha uzi wa oili unaopenya ngozi. Ndiyo maana hapapasi kwa kidole kutafuta kinakovuja. Hupitisha kipande cha kadibodi. Tangi lenyewe lina shinikizo dogo, hata hivyo kifuniko chake hukilegeza polepole, akisikiliza hewa ikitoka. Anachomoa waya za betri na soketi za kompyuta ya mashine. Ufunguo anautia mfukoni mwake. Nampenda fundi kwa huo ufunguo, kwa sababu hamwachii mtu mwingine nafasi ya kusahau.

Kisha anangoja oili ipoe, na Maskati haipoi upesi. Huko Qurayyat, ndani ya mkoa huu huu wa Maskati, siku moja ya mwezi Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kutwa kucha. Sheria ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Kwa hiyo kazi ya namna hii hupangwa tangu alfajiri, na mwenye mashine anayetaka apewe adhuhuri huambiwa ukweli mapema.

Oili inavutwa kwa pampu na kutiwa kwenye mapipa safi yenye vifuniko. Akiweza, fundi hulifungua tangi likashushwa kwa kreni na kuwekwa mbali na mashine, kwa kuwa ubavuni mwa tangi pana mabomba na mipira yenye oili, na mafuta ya dizeli hayako mbali. Filta zinatolewa. Vifuniko vyote vinafunguliwa.

Hapo ndipo penye kazi inayostahili kutazamwa kwa saa nzima: kuosha. Maji ya moto na sabuni kali ya kukata mafuta, au mvuke, kona baada ya kona, nyuma ya bati za ndani zinazogawa tangi, chini ya mdomo wa bomba la kuvutia. Anamwaga, anatazama maji, anarudia. Petroli hatumii kabisa. Wala dawa ya kusafishia breki yenye klorini, ambayo mabaki yake yakipata joto na mwanga mkali wa kuchomelea huzaa fosijini, gesi iliyoua wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Anajua kona ambazo mkono haufiki ndizo zinazoua. Mtu anayepita humwona akimwaga maji machafu na kudhani hajaanza kazi.

Baada ya kuosha anapima. Kifaa cha kupima gesi kinaingizwa ndani, juu, katikati na chini, na namba yake ndiyo inayoamua; pua ya fundi, hata awe mzoefu namna gani, haihesabiwi. Hata namba ikiwa nzuri bado hajaridhika. Ufa ukiwa mahali panaporuhusu, hulijaza tangi maji mpaka karibu na pale patakapochomwa, akiacha nafasi ndogo iliyo wazi kwa juu ili mvuke upate njia. Pasiporuhusu, huingiza naitrojeni taratibu ili isukume hewa nje, maana pasipo oksijeni moto hauna chakula. Hapo tena anakuwa mkali kwa vijana: hakuna kuingiza kichwa kwenye tangi lenye naitrojeni. Haina harufu, na mtu huzimia kabla ya kujua kinachomkuta.

Ufa nao una tabia zake. Mwisho unaoonekana kwa jicho si mwisho wake. Wengine hutumia rangi nyekundu ya kupenya na poda nyeupe. Njia ya zamani ni kupaka chokaa upande mmoja na mafuta ya taa upande wa pili, kabla ya uoshaji wa mwisho, kisha kungoja mstari ujichore wenyewe. Kwenye kila ncha ya mstari anatoboa tundu dogo ili ufa usiendelee mbele. Anagonga sakafu ya tangi kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Unyevu wa pwani huingia na hewa, hugeuka matone usiku, hutuama chini ya oili na kula bati kutokea ndani. Sauti nzito isiyo na mlio humwambia bati limekwisha. Hapo kiraka ni udanganyifu. Fundi mwaminifu husema likatwe, liwekwe bati jipya, au linunuliwe tangi jingine, ingawa kusema hivyo kunaweza kumkosesha kazi.

Kuchomelea kwenyewe hakuchukui muda. Vipande vifupi, vinavyorukiana ili bati lisipinde. Tangi likibaki kwenye mashine, kibanio cha waya wa ardhi huwekwa karibu kabisa na mshono, umeme usije ukapita kwenye beringi. Mtu mmoja anasimama na mtungi wa kuzimia moto, na hubaki pale nusu saa hadi saa moja baada ya cheche ya mwisho, wengine wakiwa wameshakwenda kunywa chai.

Wakati wa kujaribu, wasiojua huweka hewa ya kompresa kama wanajaza tairi. Ubavu wa tangi wenye sentimita 60 kwa 60, ukitiwa baa 1 tu, unabeba msukumo wa tani 3.7 hivi. Fundi huweka kama sehemu ya tano ya baa hiyo, anapaka povu la sabuni kwenye mshono na kuinama kutafuta mapovu.

Bado kuna uchafu. Ndani ya pampu ya haidroliki vyuma hupishana kwa nafasi za maikroni chache, na unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Punje moja ya chuma iliyobaki inaweza kuiharibu pampu nzima. Matambara yanayoacha nyuzi hayaingii humo. Wako mafundi wanaokanda unga wa ngano na kuugandamiza kila pembe ya tangi, unaondoka na chembe ambazo hakuna kitambaa kingezitoa. Oili hurudishwa kupitia filta, na pampu hutiwa oili kabla ya injini kuwashwa, isije ikazunguka kavu.

Wewe mwenye mashine, uwe Maskati, Mombasa au Gerezani pale Dar es Salaam, tangi lako likivuja usianze kwa kumuuliza fundi atamaliza saa ngapi. Muulize ataoshaje, atapima mvuke kwa kifaa gani, na nani atasimama na mtungi wa kuzimia moto. Akikujibu bila kusita, mpe siku nzima, na umlipe ya siku nzima.