Jinsi Euler Alivyoipasua 4,294,967,297

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alitoa dai zuri sana. Chukua 2, ipe kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ongeza 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa. Fermat aliamini mfuatano huo ungeendelea hivyo daima. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Mwaka 1729 mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia mwenzake Leonhard Euler kumuuliza kuhusu dai hilo, na mwaka 1732 Euler akalivunja: namba hiyo ni 641 × 6,700,417.

Jibu hilo ni maarufu, lakini utamu wenyewe uko kwenye njia. Ukigawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine, 641 ni ya 116. Katika makala ya baadaye Euler alieleza namna ya kuifikia haraka zaidi.

Tuseme p ni kigawo tasa cha namba yetu. Basi, kwa hesabu ya mabaki ya p, 2³² ni sawa na −1, na 2⁶⁴ ni sawa na 1. Kwa hiyo mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea hujirudia kila baada ya hatua 64, si mapema zaidi. Lakini Fermat mwenyewe alikwisha kugundua kwamba 2 ikipewa kipeo cha p − 1 hubakiza 1. Basi p − 1 lazima igawanyike kwa 64.

Orodha inakuwa 65, 129, 193, 257 na kuendelea. Ondoa zisizo tasa: zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano linamaliza kazi.

Kuhakiki hakuhitaji hata kugawanya. 641 ni 5 × 2⁷ + 1; pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kwa mabaki ya 641, 5 × 2⁷ ni −1, hivyo, ukipandisha kwa kipeo cha 4, 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Lakini 5⁴ ni −2⁴. Iweke mahali pake: −2³² ni 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu.

Na 6,700,417? Vigawo vyake ni vigawo vya 2³² + 1 pia, hivyo chujio la Euler linavihusu. Mwaka 1878 mwanahisabati Édouard Lucas alionyesha kwamba katika chujio hilo 64 inaweza kubadilishwa kuwa 128. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, hivyo namba za kujaribiwa ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Zote zinabakiza, nayo ni tasa.

Mpaka leo hakuna namba tasa ya sita ya Fermat iliyopatikana, na kompyuta zinazosaka vigawo vya namba hizi bado huanza na chujio hilohilo. Kasi ya mashine inasaidia, lakini kwanza mtu athibitishe ni wapi pasipo na haja ya kutafuta.