Kichwa Kilichoinama

Nina shilingi laki tano na swali moja: nibadilishe nini? Fedha zimetoka kwenye korosho za mjomba. Baada ya mnada alinikabidhi fungu langu akasema, "Mwalimu, usizimalizie zote kwenye hiyo redio yako." Kumbe alishajua.

Sebuleni kwangu, hapa Newala, kuna amplifaya ya mtumba, spika mbili za mbao ambazo kingo zake zimechanika na kuzibwa kwa gundi, deki ya kaseti, na flashi iliyojaa nyimbo. Majirani wana sabufa na wananionea huruma. Sabufa ikiwashwa vikombe vinahama kabatini, na kwa watu wengi huo ndio ushahidi kwamba muziki umefika.

Wapenzi wa vyombo vya muziki vya nyumbani wamegawanyika kama madhehebu. Dhehebu la kwanza lina nabii wake, Ivor Tiefenbrun, mwanzilishi wa kampuni ya Linn kule Glasgow, ambaye tangu miaka ya 1970 amekuwa akihubiri kwamba chanzo ndicho cha kwanza. Sauti iliyopotea kwenye mashine ya santuri, anasema, hakuna amplifaya wala spika itakayoirudisha, kwa hiyo fedha zako anza kuzitia pale sindano inapogusa santuri. Kampuni yake iliuza mashine ya santuri, LP12, na hilo lisisahaulike unapoyasikiliza mahubiri. Dhehebu la pili linasema anza na spika, kwa sababu ndizo zinazopotosha sauti kuliko kifaa kingine chochote kwenye mnyororo. Nimewasoma wote kwenye simu, usiku, na kila upande uliniridhisha mpaka nilipoufungua mwingine.

Nikaamua kuwapima kwa muziki ninaoujua. Nilichagua "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwaka 1979, kabla sijazaliwa, lakini kwetu wimbo huo haukuwahi kuwa wa zamani. Niliupiga kwanza kwenye sabufa ya jirani. Besi ilitoka kubwa, ya mviringo, imejaa chumba kizima, na ilikuwa besi ambayo Super Volcano hawakuipiga. Gitaa la Mbaraka lilisimama nyuma yake kama mtu mwembamba kwenye foleni ya benki. Kwangu, pamoja na gundi yangu, magitaa yalisikika yakisukana, kila moja na njia yake. Hapo dhehebu la spika lilipata alama.

Halafu nikafanya jambo ambalo halikugharimu kitu: nilisimamisha godoro nyuma ya kiti na kutandika mikeka miwili juu ya saruji. Nyumba yangu haina dari. Juu ni bati tupu. Sauti ya Mbaraka ilikuwa ikigonga ukutani na kunirudia kabla haijakamilisha neno. Baada ya godoro ikatulia. Sijawahi kununua kifaa kilichobadilisha sauti kiasi kile, na godoro ni la kulalia. Mvua ikinyesha, hata hivyo, mjadala wote unafungwa na bati.

Ningeishia hapo ninunue spika. Lakini kuna kanda moja.

Ni kaseti ya dakika 60 ambayo mjomba aliirekodi kwa redio-kaseti mwaka 1991. Bibi anaimba huku wanawake wakibangua korosho. Unasikia mawe, kuku, na pembeni mtu anayekohoa. Mjomba anasema mkohoaji ni mama yangu, alikuwa na miaka ishirini. Mama hayupo tena, na ile ndiyo sauti yake pekee tuliyo nayo, kikohozi tu. Kila nikiicheza kanda naogopa, kwa kuwa kanda huchakaa kwa kuchezwa.

Hapo ndipo mahubiri ya Glasgow yanaponipungukia. Wanaposema chanzo wanamaanisha mashine. Wanachukulia kwamba santuri ipo dukani, nzima, na ikiisha itapigwa nyingine. Hawaulizi nani aliishika mashine siku ya kurekodi, na kwa nini.

Huku kwetu swali hilo ni la zamani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na mitungi ya nta. Watu wakaimba mbele ya pembe ya mashine yake. Kwa wakati ule kile kilikuwa miongoni mwa vyanzo bora. Lakini Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka mmoja tu nyuma, na mgeni mwenye pembe alisafiri chini ya ulinzi wa serikali iliyokuwa ikivizima. Sauti zikaenda Ujerumani. Mtu anaimbaje mbele ya mgeni wa namna hiyo? Sindano safi kuliko zote haiwezi kulitoa hilo kwenye nta. Mjomba wangu alirekodi kwa sababu alinunua betri mpya akataka kuzijaribu, na mbele yake bibi aliimba kama aimbavyo kila siku. Kwa vifaa vya wakati wake, Weule anamshinda mbali. Kwa chanzo, simpi Weule ushindi.

Jumamosi nikaibeba deki hadi Masasi. Barabara inateremka kutoka kwenye ubaridi wa uwanda wetu hadi kwenye joto la chini, katikati ya vilima vya mawe. Nilimwambia fundi nataka anitafutie deki bora zaidi, fedha ninazo. Akaweka kanda, akasikiliza nusu dakika, akauliza, "Mwalimu, hii ilirekodiwa na mashine gani?" Nikamwambia. "Basi ile ilikuwa imeinamisha kichwa, na hii yako imekinyoosha."

Kichwa ni kile kipande cha chuma kinachosoma kanda. Kina upenyo mwembamba ambao unapaswa kusimama kwa pembe ileile iliyokuwepo siku ya kurekodi. Ukipishana kidogo tu, sauti nene zinabaki, ila zile nyembamba za juu zinafutana zenyewe. Pembeni yake kuna skrubu ndogo. Fundi akachukua bisibisi, akaigeuza taratibu huku kanda ikienda, sikio limeelekea kwenye spika. Mawe ya korosho, ambayo siku zote yalikuwa kama mtu anatembea juu ya majani, yakapasuka moja moja. Herufi za bibi zikapata meno.

Kisha ikafika pale pa kikohozi, na haikuwa kikohozi. Alikuwa anacheka. Cheko fupi, la puani, la mtu aliyeambiwa anyamaze kwa sababu kinarekodiwa.

Fundi akasimamisha kanda bila kuulizwa, akaenda nje kununua maji.

Alibadilisha pia mpira unaozungusha kanda, akadai elfu kumi na tano. Tulipoimaliza kunakili kanda kwenye kompyuta yake, mara moja tu, bila kuirudia, aliirudisha skrubu mahali pake ili kanda zangu nyingine zisiharibikiwe, akaniwekea alama ya wino mahali ilipokuwa.

Nimempelekea mjomba nakala kwenye simu yake. Alisikiliza kwa spika ileile ndogo ya simu, sikioni, amesimama uani, upepo ukivuma. Aliirudia mara tatu. Laki nne na themanini na tano bado zipo, na gundi ya spika ya kushoto imeanza kuachia tena.