Ziara ya Nusu Siku: Uhakiki wa Simulizi Tunayompa Mgeni wa Mtwara

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia, mashairi na ngoma. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jambo ambalo aghalabu halihesabiwi kuwa kazi ya sanaa, nalo ni matembezi ya nusu siku anayofanyiwa mgeni aliyeshuka melini. Mgeni huyo hukodi gari lake peke yake, akapewa mwongozaji, akazungushwa mji, na kabla jua la mchana halijapoa akarudishwa gatini. Watu huyaita matembezi hayo biashara, na kweli ni biashara. Lakini ndani yake mna msimulizi na msikilizaji, mna mwanzo na mwisho, mna mambo yaliyochaguliwa na mambo yaliyoachwa. Kitu chenye sifa hizo ni simulizi, na simulizi inayotolewa kwa niaba ya nchi yapaswa kuhakikiwa kama tunavyohakiki vitabu.

Mtwara si kituo cha kila wiki cha meli za matembezi kama ilivyo Zanzibar. Hata hivyo bandari yake ina kina kirefu cha asili, na mgeni wa saa chache huja pia kwa njia nyingine: yuko anayesubiri ndege ya jioni, yuko aliyeletwa na shughuli za gesi au korosho. Wote hao hupewa matembezi ya namna moja. Hivi karibuni tulipata nafasi ya kukaa kiti cha mbele katika gari lililokodiwa na wageni wawili wa meli, mke na mume. Mwongozaji alikuwa kijana mzaliwa wa Mikindani tuliyepata kumfundisha. Tuliondoka gatini saa mbili asubuhi, na sharti lilikuwa moja: saa saba mchana wageni wawe wamerudi.

Tukianza na fani, jambo la kwanza linaloonekana ni msuko. Katika hadithi njema tukio huzaa tukio. Katika ziara hii msuko hupangwa na saa ya meli. Meli haimsubiri mtu, na kijana aliyechelewesha wageni hatapewa wengine. Kwa hiyo huchagua mahali palipo karibu na pasipo na mashaka: Mikindani, kama kilomita 10 kutoka mjini, kisha meza za wauza vinyago, kisha ufuko wa Shangani. Mume aliuliza kama wangeweza kuuona mto Ruvuma, kwa kuwa aliuona katika ramani. Akajibiwa kwamba ni mbali, hawatawahi. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Lakini tangu hapo mto ukatoweka kabisa hata katika maneno, kana kwamba jambo lisiloweza kufikiwa kwa gari haliwezi kufikiwa kwa ulimi.

Kwa upande wa lugha, kijana alisema kwa sentensi alizozihifadhi. Zilikuwa sahihi, na zilitoka bila kukwama mpaka mke alipouliza swali lisilokuwamo. Alikuwa amewaona wanawake watatu wameketi barazani, akataka kujua wanafanya nini. Kijana akajibu, “Wanapumzika tu.” Wanawake hao walikuwa wanasuka ukili. Kila mmoja alikuwa na chane za mkindu kwapani, na mkeka uliokamilika ulikuwa umetandikwa ukutani nyuma yao. Kijana aliyajua hayo tangu utotoni. Hakukosa elimu, aliona tu kwamba kazi ya wanawake wale haikustahili kuingia katika simulizi aliyopewa.

Tukiingia katika maudhui, twakuta kwamba simulizi yenyewe huanza mwaka 1866 na mhusika mkuu ni David Livingstone. Mgeni husimamishwa mbele ya nyumba inayosemekana alikaa, akaonyeshwa kibao, akaambiwa kwamba kutoka hapa alianza safari yake ya mwisho. Kwamba alipita Mikindani ni kweli. Lakini tazama namna alivyofika. Mwezi wa Machi mwaka huo alijaribu kwanza kuingia bara kwa mlango wa Ruvuma. Mikoko na matope ya pale vilimzuia kuteremsha ngamia wake, akarudi kaskazini mpaka ghuba ya Mikindani. Yaani Mikindani iliingia katika safari hiyo kwa sababu mto ulimkatalia. Alipofika aliukuta mji ambao tayari una bandari na wafanyabiashara wake, chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar. Isitoshe, hakuwa peke yake. Alikuwa na askari kutoka India, watu kutoka Komoro, na vijana wa Kiafrika, miongoni mwao Chuma, aliyekuwa Myao. Livingstone alipofariki mwaka 1873, ni Chuma, Susi na wenzao walioubeba mwili wake hadi pwani. Wayao ni miongoni mwa watu wa mkoa huu. Basi, kama ni lazima kuanza na msafara huo, kwa nini mtoto wa Mtwara asianze na Chuma?

Baada ya hapo wageni hupelekwa kwenye Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na baadaye likakarabatiwa na kufanywa hoteli. Kisha kwenye jengo linaloitwa Soko la Watumwa. Hapo kijana aliinamisha sauti, nasi hatuna shaka kwamba alihuzunika kweli. Lakini watumwa wa simulizi yake hawakuwa na kabila, wala kijiji, wala kizazi kilichobaki. Hakusema kwamba njia za biashara hiyo zilitoka pande za Ziwa Nyasa zikapita katika nchi za Wayao na Wamakua, na kwamba wako waliouza na wako waliouzwa katika nchi hizo hizo. Hakusema kwamba vichaka vizito vya uwanda wa Newala vilikuwa ngome ya Wamakonde dhidi ya wateka watu. Iko ngano ya Kimakonde ambayo Mjerumani Karl Weule aliiandika alipopita nyanda hizi mwaka 1906. Yasema kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, na sanamu ikageuka mwanamke. Walipokaa bondeni karibu na maji mtoto wao alikufa. Walipopanda juu uwandani, mtoto aliishi. Mwenye kuisikia ngano hiyo karibu na Soko la Watumwa atajiuliza mwenyewe kwa nini uzima ulitafutwa mbali na njia za mabondeni.

Sanaa ya uchongaji nayo huelezwa kombo. Wageni waliambiwa kwamba vinyago vyote vilivyokuwa mezani ni vya kale na vya mababu. Vinyago vya mapiko kweli vina asili ndefu katika jando na ngoma. Lakini mtindo wa shetani, ambao mwanzo wake huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, ulichipuka katika miaka ya 1950. Na ule wa ujamaa, wa watu waliopandana mmoja juu ya mwingine, ni wa wakati wetu pia. Mitindo hiyo ilikuzwa na Wamakonde waliohama makwao wakaenda kutafuta maisha mijini, hasa Dar es Salaam. Kusema kwamba yote ni ya kale ni kumnyima mchongaji sifa ya ubunifu. Ni kumfanya mrithi tu wa mababu, hali yeye mwenyewe ni msanii aliyeona mambo mapya akayatia katika mpingo.

Sasa tueleze lililotokea mwishoni. Saa sita na nusu, gari likirudi gatini, kijana aliomba ruhusa apite Feri, mahali pa vyombo vya kuvukia Msangamkuu, ampelekee mama yake samaki aliokwisha kuagizwa. Wageni wakakubali, wakateremka naye. Mke alimwuliza kama familia yake ni ya hapa siku zote. Kijana akacheka, akasema bibi yake mzaa mama alivuka Ruvuma usiku akiwa na mtoto mgongoni, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Kwamba ng'ambo ya mto bado wana shamba la minazi ambalo hajawahi kuliona. Na kwamba nyumbani kwao msiba ukitokea, habari hupelekwa pande zote mbili za mpaka. Wageni waliziweka kamera chini. Mume alitoa ramani yake na kuuliza mtaa kwa mtaa, mto kwa mto. Dakika kumi na tano hizo zilikuwa ndizo ziara.

Tulipokwisha kuwafikisha wageni, tulimwuliza kijana kwa nini hakuyasema hayo tangu asubuhi. Akajibu, “Hayo ni ya nyumbani, mwalimu. Wageni wanataka historia.”

Kwa maoni yetu jibu hilo ndilo kiini cha tatizo lote. Kijana amekwisha kugawa maisha yake mafungu mawili. Fungu moja ni historia, nalo limeandikwa na wengine, linaanza kwa mgeni na kuishia kwa mgeni. Fungu la pili ni la nyumbani, nalo halina heshima ya kusimuliwa. Nasi tuliomfundisha hatuwezi kujitoa katika lawama. Tulimfundisha tarehe za wapelelezi akazishika. Hatukumwambia kwamba bibi yake ni shahidi.

Tazama ni mengi kiasi gani yaliyomo katika neno moja alilolisema, yaani mpaka. Ruvuma ilifanywa mpaka na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, bila kuwauliza Wamakonde wa kando zake mbili. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, iliyo kusini ya mlango wa mto, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikarudishwa kwa Wareno. Vita vya FRELIMO vilianza mwaka 1964, na Nachingwea ikawa mahali pa mafunzo ya wapiganaji. Nachingwea hiyo ndiyo ya Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao kwa ajili yake ilijengwa reli kutoka Mtwara na gati lililofunguliwa mwaka 1954. Karanga zilishindwa na reli ikang'olewa, lakini gati likabaki. Mgeni wa meli hukanyaga juu yake anaposhuka, wala haambiwi kwamba hatua yake ya kwanza imetua juu ya sura nzima ya historia yetu. Vivyo hivyo, gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na maandamano ya mwaka 2013 ya wananchi waliotaka kujua watafaidikaje nayo, ni mambo ambayo mwananchi yeyote wa Mtwara aweza kuyasimulia kwa akili na kwa haki.

Hapana shaka wako watakaotupinga. Watasema kwamba nusu siku ni kidogo, na mgeni hakuja kusoma. Twakubali kwamba ni kidogo. Methali nayo ni fupi, wala ufupi wake hauifanyi iseme uongo. Kasoro ya ziara tuliyoieleza haikuwa ufupi. Dakika kumi na tano za Feri zilikuwa fupi zaidi. Wengine watasema kwamba utalii wenyewe ni utumwa mpya, na kwamba heri wasije. Hoja hiyo ni nzito na si ngeni kwetu. Ilijadiliwa kwa ukali magazetini mwaka 1970, na mjadala huo ukakusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji mwaka 1973. Waliouanzisha waliona mbali walipohofia kwamba taifa laweza kuzoea kujipamba kwa macho ya mwingine. Lakini wageni wanakuja, na vijana wetu wanapata riziki kwao. Basi swali lililobaki ni la msimulizi: aanze wapi, amtaje nani, na kwa kipimo cha nani.

Aidha, hatusemi kwamba kila la nyumbani litolewe mezani. Siri za jando na unyago zina wenyewe, na mwongozaji mwenye adabu ataziacha mahali pake. Wala mtu asilazimishwe kuuza machungu ya familia yake kwa bei ya gari la kukodi. Kuchagua cha kusema na cha kunyamaza ni haki ya msimulizi. Tunachokipinga ni kunyamaza kwa kudhani kwamba huna la kusema.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wa sekondari, hasa wa pwani ya kusini, zoezi hili. Wanafunzi wagawanywe katika makundi, na kila kundi litunge ziara ya saa tano kuanzia gatini. Sharti liwe kwamba kila kituo kiwe na mtu mmoja wa mahali pale aliyetajwa kwa jina na kwa kazi yake, kwa idhini yake mwenyewe. Kwamba angalau habari moja iwe imetoka kwa mzee wa nyumbani na kulinganishwa na kitabu. Na kwamba mahali pasipofikika, kama mlango wa Ruvuma na mikoko yake, paelezwe kwa maneno yatakayomwezesha msikilizaji kupaona. Kisha darasa lihakiki ziara hizo kwa fani na maudhui, kama lifanyavyo kwa riwaya. Kundi litakalofika barazani Mikindani lisipite kabla ya kuwauliza wale akina mama mkeka mmoja wausuka kwa siku ngapi, na mkindu wanaupata wapi.