Kuzimua asidi si kuibatilisha

MAJUZI nilimsikia mtangazaji mmoja wa redio akiwaeleza watahiniwa somo la kemia kwa Kiswahili. Alisema: “Ili kuzimua asidi, tia kiasi sawa cha alkali.” Juhudi zake ni za kupongezwa, lakini sentensi hiyo ina walakini mara mbili, na mtahiniwa anayeishika jinsi ilivyo atapotea.

Kwanza, kitenzi ‘zimua’ kina maana ya kupunguza ukali wa kitu, aghalabu kwa kukitia maji. Chai iliyokolea mno huzimuliwa. Ukimimina lita nzima ya maji kwenye chombo chenye gramu 36.5 za asidi hidrokloriki, umeizimua, sawa, ila gramu za asidi ni zile zile. Alkali hufanya kazi nyingine kabisa. Humenyuka na asidi, vyote viwili vikatoweka, pakabaki chumvi na maji. Kwa maoni yangu, kitenzi mwafaka hapa ni ‘batilisha’.

Pili, ‘kiasi sawa’. Sawa kwa kipimo kipi? Gramu, ujazo au idadi ya moli? Haya, tufanye hesabu. Moli moja ya asidi hidrokloriki ina gramu 36.5, nayo moli moja ya hidroksidi ya sodiamu ina gramu 40. Moli moja ya asidi hii hubatilishwa na moli moja ya alkali hiyo. Kwa hivyo, mwanafunzi anayetia gramu 40 za kila kimoja atabaki na gramu 3.5 za asidi ambayo bado inachoma.

Je, tuseme ‘idadi sawa ya moli’? Wapi! Moli moja ya asidi salfuriki, yaani gramu 98, huhitaji moli mbili za alkali iyo hiyo, yaani gramu 80. Usemi salama ni ‘kiasi kinachotosha kuibatilisha asidi’. Usemi huo humlazimu mwanafunzi kuuliza: asidi gani, na kwa uwiano upi?

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Tusiwape ushahidi kwa ulegevu wetu. Maneno tunayo, tatizo ni kuokota lililo karibu na kuliacha linalofaa.